Shoga, nikujibu lile swali lako la Wafilipino

Shoga angu,

Salamu kwanza, mi mzima ila miguu ndo inawaka moto, wiki hii hoteli imejaa na mtu mmoja unapigishwa vyumba kumi na sita kwa siku, kwa hiyo voisi yako nimeisikiliza nikiwa nimelala chali miguu nimeegemeza ukutani. Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Eti "hao Wafilipino wako wamejaa dunia nzima wanachapa kazi, mbona kwao kila siku nawaona kwenye TV maji shingoni, hivi wanaisaidiaje nchi yao?" Nilitaka nikujibu kwa voisi nikaona itakuwa hotuba, bora niandike, na we usiseme barua ndefu, umeuliza mwenyewe.

Swali nilimpelekea Ate kama lilivyo. Ate siyo jina lake, ni dada mkubwa kwa Kitagalog, ye ndo mkubwa wetu hapa kwenye bedspesi, tuko wanne chumba kimoja hapa Deira, Dubai, Ate, binti mmoja Mfilipino mwenzake wa kisiwa cha Negros, Mkenya mmoja na mimi. Alikuwa anakaanga samaki wakavu, wale wanaonuka jengo zima (kama ng'onda wetu wa Tanga, ndo maana mi silalamiki). Akanyamaza. Akazima jiko, akafuta mikono, akanionyesha picha ya mlango.

Mlango wa kwao, mkoa wa Bulacan, kaskazini ya Manila karibu na ghuba. Kaka yake kasimama pembeni na kizingiti cha juu kinamfika kifuani, yaani akitaka kuingia anainama kama anaingia banda la kuku. Nikauliza mlango wa nini huu, wa stoo? Akasema hapana, huo ndo mlango wa sebuleni, ulikuwa wa kawaida tu. Maji ya kule yanakuja kotekote, ya mvua, ya mto, na bahari ikijaa nayo inaingia hata jua likiwa linawaka, alafu ardhi yenyewe inadidimia kwa sababu watu wamevuta sana maji ya visima. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa wanamwaga kifusi na zege wanapandisha sakafu. Sakafu inapanda, paa liko palepale. Dirisha sa hivi liko magotini, swichi ya taa unaiwasha kwa kuchuchumaa. Akaniambia, "Hiyo sakafu ni mimi. Miaka kumi na moja ya Dubai iko hapo chini."

Mwenzangu, niliishiwa maneno.

Maana hela wanatuma, hilo usibishe. Mwaka 2024 peke yake zilizopita benki kutoka kwa Wafilipino wa nje zilikuwa zaidi ya dola bilioni 34, nchi nzima inaegemea hapo, na serikali yao imewapa na cheo kabisa, mashujaa wapya. Ate hilo neno akilisikia anacheka anasema shujaa gani anakunja mashuka. Ila zile hela zinafanya nini? Zinasomesha, zinalipa hospitali, zinapandisha sakafu. Kila nyumba inajiokoa peke yake. Na ye anasema kosa lao lilikuwa hapohapo, wote walikuwa wameinama wanamwaga zege kwao, hakuna aliyeinua kichwa kuuliza ule ukuta wa mto wa kuzuia mafuriko uliolipiwa uko wapi.

Maana ukuta ulilipiwa, shoga. Hii habari ya mwaka 2025 najua huko kwetu haikupita sana. Julai mvua zilipiga vibaya, mpaka kuna harusi ilifungwa kwenye kanisa la Barasoain pale Malolos bibi harusi anatembea kwenye maji shela linaelea nyuma yake, ile video tuliitazama humu ndani mara kumi, mara ya kwanza tukacheka alafu hatukucheka tena. Mwisho wa mwezi huohuo rais wao akasimama bungeni akawaambia wahusika wa hiyo miradi ya mafuriko waone aibu. Agosti ikafunguliwa tovuti ya serikali yenye orodha ya miradi ya kuzuia mafuriko tangu Julai 2022, miradi karibu elfu kumi, peso zaidi ya bilioni 545, na kama asilimia 20 ya hizo hela zilienda kwa wakandarasi 15 tu, nchi ina watu zaidi ya milioni 110 jamani. Rais akaenda mwenyewe Baliuag, hukohuko Bulacan, kuangalia ukuta wa mto wa peso milioni 55 na ushee, kwenye makaratasi umekamilika na hela imeshatoka. Akakuta hakuna ukuta. Siyo mbovu, siyo nusu, haupo. (Na kichekesho ni kwamba rais mwenyewe ndo mtoto wa yule Marcos, dikteta waliyemtoa kwa maandamano 1986, Ate hilo linamkera mpaka anakosa pa kuanzia, kwa hiyo tusiingie huko.)

Sasa kuanzia hapo ndo nikaona msaada wa aina nyingine, na huu ndo ninaotaka nikwambie. Ile tovuti mtu yeyote anaifungua, anaona mradi wa mtaa wake, uko wapi, bei gani, na anaweza kupeleka malalamiko. Basi Ate ikawa akitoka shifti, badala ya kuangalia tamthilia zake za Kikorea analala kitandani na simu anatafuta kata yao, wao wanaita barangay, anamtumia kaka yake. Kaka mtu anaendesha pikipiki yenye kigari pembeni, traisiko, anajua kila kichochoro. Akipata abiria wa upande ule anapita anapiga picha. Mradi wa kwanza akaukuta, upo, una ufa unaingiza kidole. Wa pili akazunguka nusu saa akauliza wazee wanaokaa pale toka wamezaliwa, wakamwambia labda umeandikwa kwa lugha ya malaika. Wa tatu upo na ni mzuri, na Ate akasisitiza huo nao uandikwe kwamba ni mzuri, kwa sababu ukiandika mabaya tu watasema una chuki. Nilimpenda hapo. Mi ningeandika ule wenye ufa tu nikaenda kulala.

Kazi ya kuchosha ile, haina sifa. Hakuna anayekupigia makofi kwa kupiga picha ya tope.

Mkenya wetu alimuuliza, je kura? Ndo ukafumuka ugomvi, maana Mei 2025 Ate alipiga kura yake kwa simu, ndo ilikuwa mara ya kwanza walioko nje kupiga kwa intaneti, ila wa nje wanachagua maseneta na vyama vya orodha (vile vinavyopata viti vya bunge kwa kura za chama) tu, meya na mbunge wa jimbo wanabaki wa walioko nyumbani. Na walioko nyumbani wanaletewa bahasha za hela wauze kura. Mama yake mzazi kachukua. Ate akampigia simu akamgombeza mtu mzima mpaka bibi akakata simu, wiki nzima hawakuongea. Mi nikamwambia Ate, usimhukumu mama, aliyeshiba huwa anaona rahisi. Sisi kwetu tusijifanye, khanga na tisheti za kampeni tumezivaa mpaka zikapauka. Akasema tatizo siyo ile hela, tatizo ni ule ushukuru, wao wana neno lao utang na loob, deni la moyoni, yaani mtu akikutendea wema anakudai mpaka kufa, kwa hiyo mwanasiasa akishamzika baba yako kwa jeneza la bure basi ukoo mzima ni wake, na baadaye ni wa mwanawe na mke wake. Katiba yao ya 1987 inakataa hizo koo za kutawala ila imesema sheria itungwe, na watunga sheria ndo haohao, wewe fikiria. Mwisho Ate alimpigia mama yake akaomba radhi, akamwambia deni la jeneza lilishalipwa, lililipwa kwa kodi zetu. Sijui kama bibi alimwelewa. Ila alipokea simu.

Yule wa Negros yeye ni mpole, ye habari za Manila hazimsisimui. Kwao kuna kakisiwa kanaitwa Apo, kadogo unakazunguka kwa miguu, miaka ya 70 samaki walikuwa wanaisha, baruti, sumu, nyavu za kukokota, yaani ungedhani anaelezea pwani yetu. Akaja profesa wa chuo cha Silliman, Angel Alcala, akakaa na wavuvi, siyo siku moja, akawashawishi wafunge kipande kidogo tu cha mwamba wasivue kabisa. Wakabisha wee, mwisho mwanzoni mwa miaka ya 80 wakakubali, wakalinda wenyewe kwa zamu. Samaki wakajaa mle wakaanza kutoka nje, ngarawa zikawa zinapata. Sasa hivi watalii wanalipa kuzama pale. Serikali ilikuja kuweka muhuri baadaye. Nikamwambia Tanga tulisikia baruti mpaka tukadhani ni saa ya ukutani. Akauliza mlifanyaje? Nikageuza mazungumzo.

Alafu kuna hii, hii utaipenda wewe na upatu wako. Aprili 2021, korona, Manila imefungwa, watu wana njaa, binti mmoja Ana Patricia Non akaweka kigari cha mianzi barabarani mtaa wa Maginhawa, Quezon City, akapanga mchele, mboga, mikebe ya vyakula, na kibao cha boksi kimeandikwa utoe kwa uwezo wako na uchukue kwa hitaji lako. Basi. Hakuna fomu, hakuna picha na kiongozi. Ndani ya siku chache nchi nzima inavyo, wakulima wa Tarlac wakaleta viazi vitamu vyao, fikiria mkulima ambaye naye hana. Binti wa Negros anasema kwao wazee walikuwa wanachukua mayai mawili wanaacha ndimu tatu za kwao, hawataki kuonekana ombaomba. Na unajua ilivyokuwa, kuna wakubwa wakaanza kumsema yule binti eti mkomunisti, akasimamisha kidogo kwa kuogopa usalama, watu wakapiga kelele, akaendelea. Kugawa mchele, shoga! Ate anasema kile kigari kiliwauma wakubwa kwa sababu kilikuwa kinauliza swali bila kufungua mdomo. Wenyewe moyo huo wanauita bayanihan, zamani kijiji kizima kilikuwa kinaingiza mianzi chini ya nyumba wanaibeba mabegani wanaihamisha, msaragambo wa kubeba nyumba!

Ila usifikiri ni malaika. Wana msemo ningas kugon, moto wa nyasi, unawaka juu juu alafu puu. Nikawaambia kwetu tunaita nguvu za soda, wakaupenda huo, sasa hivi wanausema kwa lafudhi yao, "ngufu sa soda". Tarehe 21 Septemba 2025 watu walijaa bustani ya Luneta na barabara ya EDSA kule Manila kupinga wizi wa hizo hela za mafuriko, siku ileile ya kumbukumbu ya sheria ya kijeshi ya 1972, ile ya Marcos baba. Huku ndani tulikuwa tunaangalia laivu, Ate analia na kucheka. Mwezi uliofuata kila mtu karudi kwenye mambo yake. Ate hakusikitika kama nilivyodhani. Alinikumbusha kabla ya EDSA ya Februari 1986, yaani yale maandamano ya barabara hiyohiyo yaliyomtoa Marcos baba, kabla ya masista kupiga magoti mbele ya vifaru, kulikuwa na wafanyakazi wa kompyuta thelathini na ushee, wengi wanawake, kazi yao kuingiza hesabu za kura, wakaona namba wanazoingiza na zinazotoka ukutani haziendani. Wakakusanya vitu vyao wakatoka nje. Hawakuwa wanasiasa, walikuwa watu wa ofisini na vibegi vyao. "Mi nasubiri watu wa namba," akasema, akarudi kwenye orodha yake.

Basi juzi tulikuwa tunafunga lile sanduku lake la kupeleka nyumbani, balikbayan, si unalijua, lile boksi kubwa wanajaza mwaka mzima, linaenda kwa meli. Mi ndo nakalia juu ili tepu ya gundi ishike. Ndani corned beef, kofi, chokoleti, shampuu za hotelini (usiniulize), taulo, viatu vya mpwa wake vimejazwa soksi ili nafasi isipotee. Namkabidhi vitu mkono kwa mkono, nikashika kitu kizito cha duara, nikadhani ni sufuria. Kumbe tepu ya kupimia, ile ya mafundi, ya mita hamsini. Kaka mtu kaiomba. Kuna ukuta kwenye orodha umeandikwa mita mia mbili na kitu, na ye akiupita na pikipiki anaona unaisha mapema.

Tukaizungushia taulo mbili isigongane na mikebe, tukafunga. Linafika baada ya wiki kama sita hivi.

Msalimie mama, mwambie hela ya upatu naituma Ijumaa tukilipwa, asinitoe kwenye zamu yangu.

Wako yuleyule wa miguu kuwaka moto.