Khanga isiyopindwa

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na runinga ya kibandani kwangu huwaka tangu asubuhi. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilinifanya nisimamishe cherehani. Mavazi yale ni ya Unguja ya miaka ya 1950 hasa, na mapenzi ya Yasmin na Denge yalinigusa, ingawa katikati filamu inakwenda taratibu mno. Tamthilia za Kituruki nazo nazipenda kwa waigizaji wetu wanaozitia sauti ya Kiswahili. Hadithi zenyewe hazina mwisho.

Kinachoniuma ni hizi tamthilia nyingine za kwetu. Juzi katika moja nimemwona mama wa kijijini anateka maji alfajiri: kope za bandia, kucha ndefu nyekundu, khanga mpya bado ngumu kwa wanga, haijapindwa hata pindo. Analia kafiwa na mwanawe, na muziki umepigwa juu mpaka maneno hayasikiki. Yule dada anajua kuigiza, nilimwona machoni. Watayarishaji, mvalisheni khanga iliyofuliwa, na mpunguze muziki tumsikie.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga