Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Moshi

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wenzetu wa Kilutheri na wa makanisa mengine, Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inanitaka niwaeleze yaliyofanyika tangu tulipokutana mara ya mwisho. Hesabu zilizokaguliwa zitasomwa na Mhazini, nami sitazigusa isipokuwa pale zinapohusu uamuzi mtakaoombwa kuufanya leo. Nitakaa zaidi kwenye swali lililotushughulisha kuliko mengine yote: ndugu tuliyemwokota kwenye baraza la duka, akaacha pombe akiwa mikononi mwetu, akitoka kwetu anakwenda kuishi wapi?

Ibada ya asubuhi katika nyumba yetu ya kuwapokea wageni kutoka barabarani sasa inafanyika baada ya uji. Wapo wanachama walionung'unika kwamba tunalisha kabla ya kuomba, na nawaheshimu, lakini Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na habari za Horebu zikafuata baadaye. Kikombe cha mgeni hujazwa nusu tu, kwa sababu mikono ya mtu ambaye hajazimua kwa pombe ya asubuhi hutetemeka, na uji wa moto ukimwagika kifuani humwaibisha mbele ya wenzake hata akaondoka bila kuaga. Hilo liligunduliwa na akina mama wa jikoni, wala halikutoka kwenye kikao chochote cha kamati.

Kamati Tendaji imeweka msimamo kwamba mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi haachishwi pombe ghafla chini ya paa letu kabla ya kuonwa na daktari. Degedege laweza kumpata kati ya saa 6 na saa 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuingia katika hali ya kuweweseka, kutokwa jasho na kuona visivyokuwapo, hali ambayo isipotibiwa huua. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza pamoja na vitamini B1, ambayo mwili wa mlevi wa muda mrefu huwa umepungukiwa sana. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa bado tunaletewa watu waliofungiwa chumbani na jamaa zao ili waombewe mpaka pepo atoke. Tunawaombea, tena kwa moyo wote, tukiwa njiani kuelekea hospitali.

Katika upande huo tumejifunza mengi kutoka kwa wataalamu wa hospitali ya KCMC hapa Moshi, ambao katika idara yao ya dharura wamekuwa wakiendesha mazungumzo mafupi na majeruhi waliokunywa, chini ya jina la Punguza Pombe kwa Afya Yako. Mtu aliyelazwa kwa kuvunjika mguu husikia neno la upole ambalo wiki moja kabla yake angelicheka, na watu wetu wa kujitolea wanaotembelea wodi wameagizwa kusikiliza zaidi kuliko kuhubiri.

Kuhusu wanaorudia pombe, na wapo, tumeacha utaratibu wa kumwapisha mtu kwamba hatakunywa maisha yake yote. Tumefuata mfano wa Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyeanza kunywa akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, na ambaye mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya kuacha kwa miezi mitatu tu, kisha akaiongeza, na mwishowe akaifanya ya maisha. Alipofariki mwaka 1925 alikuwa hajarudi kwenye pombe, na mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu Mwenye Heshima. Katika ulevi wake aliwahi kuiba fidla ya mpiga muziki wa mtaani, na baada ya kuacha akamtafuta mwenyewe mji mzima bila kumpata, akaishia kumtolea Misa. Ndugu zetu wanaipenda habari hiyo ya fidla kuliko ile ya ahadi, pengine kwa sababu kila mmoja ana fidla yake. Kwetu ahadi ni ya muda mfupi, inafanywa mbele ya mchungaji au padre wa mhusika, na anayeanguka huanza tena bila kuitwa msaliti. Kadhalika, hatumpandishi mtu madhabahuni kutoa ushuhuda akiwa bado mchanga katika safari hii; makofi ya kanisa zima ni mzigo mzito kwa aliyeacha pombe majuzi.

Sasa nirudi kwenye swali la makazi. Viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017, na gongo ni haramu tangu zamani, ila mwanaume wa Kichagga anayerudi mlimani hakutani kwanza na gongo. Anakutana na mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo imo kwenye kipaimara cha mpwa wake, kwenye posa na kwenye matanga, na anayeikataa kata aliyopewa na mkubwa wake huonekana ameukataa ukoo. Nyuma ya hapo kuna kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo. Kwa miaka aliyolala stendi, ndugu yake amepalilia migomba, amekata majani ya ng'ombe na kumzika baba; leo anayerejea akiwa na akili timamu anaonekana amekuja kudai. Kwa hiyo hatumrudishi mtu peke yake. Anasindikizwa na wazee wawili, mmoja wa kanisa lake na mmoja wa chama, na wazee hao huomba kwanza kikao cha ukoo, bila kutaja ardhi katika safari ya kwanza.

Kaya nyingine hukataa, tena kwa haki. Mke aliyepigwa kwa miaka na kulea watoto peke yake hana deni kwetu, na napenda ieleweke kwamba hakuna mjumbe wa chama hiki anayeruhusiwa kumshinikiza ampokee mumewe kwa kutumia Maandiko.

Wasio na pa kurudi wanabaki mjini, na huko kikwazo ni karatasi. Bila makazi hupati barua ya serikali ya mtaa, bila barua hiyo kitambulisho cha Taifa kinakwama, na bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho hicho, huwezi kusajili laini ya simu. Fundi viatu mmoja aliyepitia kwetu alikuwa na sindano yake, uzi wake na wateja karibu na soko la Mbuyuni, lakini alilipwa taslimu kila jioni bila mahali pa kuziweka fedha hizo, na njia ya kuelekea alikolala ilipita mbele ya vilabu viwili. Katibu wetu alimwomba mwenyekiti wa mtaa amtambue fundi huyo kwa anwani ya nyumba yetu. Mwenyekiti huyo alikubali, na fundi sasa anatunza fedha zake kwenye simu.

Ndiyo maana Kamati Tendaji inapendekeza kwamba fedha za Harambee ya Kwaresima zisiongeze vitanda katika nyumba ya kwanza, bali zipange nyumba ya pili, mbali na vilabu, ambamo waliokwisha kuacha watakaa na kuchangia kodi kadiri ya vipato vyao. Yule Msamaria hakuishia kumfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni. Alilipa dinari mbili na kuahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi. Wanaopinga wanasema tutapokea wageni wachache kutoka barabarani kuliko kama vitanda vingeongezwa, hasa mwezi Julai, ambapo baridi ya Moshi ni kali, na hoja hiyo ni ya kweli. Naomba wajumbe wa pande zote mbili wasikilizwe kikamilifu, kisha Katibu asome azimio na kura ipigwe kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa mwenye nyumba anasubiri jibu letu jioni hii.