Mzee ulienisaidia mabakuli ya mninga, asante sana

Shikamoo mzee wangu, jina lako sikuuliza na hilo linaniuma mpaka leo, ila ukiisoma hii ujue ni mimi yule kijana tuliekutana Keko, Dar, kwenye duka la misasa. Wiki tatu nilikuwa nahangaika na ile mashine ya CNC, inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, bakuli linatoka huku laini huku limechanika nyuzi kama limetafunwa, ndani mistari mistari, napiga msasa namba 80 mpaka vidole vinawaka. We ulilishika tu ukapitisha kidole gumba ndani taratibu, ukalizungusha, ukasema ona, limechanika sehemu mbili zinazotazamana, hapo biti, yaani kile kisu kinachozunguka, inakula kinyume na nyuzi. Kweli kabisa! Afu ukauliza biti imetoka nje ya koleti, ile inayoibana, kiasi gani, nikasema kama sm 6, ukatikisa kichwa.

Basi biti nimeirudisha ndani ibaki ya kutosha kina tu, koleti nimeitoa vumbi, na ile biti ya kichwa cha duara ya mm 6 niliyokuwa naisogeza mm 1.5 kila mstari sasa ni 0.5, pasi ya mwisho, yaani biti ikipita mara ya mwisho, naiachia nusu milimita tu ya kula. Muda inachukua kweli, karibu mara tatu, lakini msasa naanzia namba 180, ule laini zaidi. La kwanza lilivyotoka nilikaa nimelishika tu. Mungu akuzidishie mzee, bakuli lako lipo hapa nimelipaka mafuta, linakusubiri.