Shukrani kwa mzee wa pantoni, Kigamboni

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Mimi ni yule binti uliyenikuta kwenye pantoni nikisoma taarifa ya habari kwa sauti, kesho yake nikiwa na mtihani wa utangazaji. Wiki nzima pumzi ilikuwa inanikatikia katikati ya sentensi, na nilishaanza kufikiria kuacha chuo.

Uliomba karatasi yangu, ukatoa penseli mfukoni, ukachora mkwaju (/) mmoja pa kuvuta pumzi, miwili pa kutua. "Pumzi ijaze tumbo mwanangu, mabega yatulie. Na usiwasomee watu elfu. Msomee bibi mmoja aliyekaa karibu na redio yake."

Ulisema tu kwamba uliwahi kufanya kazi Radio Tanzania Dar es Salaam, enzi za studio za Barabara ya Pugu, ukanieleza vifuu viwili vya nazi vinavyotoa mlio wa kwato za punda kwenye mchezo wa redio. Nimeujaribu darasani, ni kweli kabisa!

Tulipofika ng'ambo ukapotelea kwenye umati, hata jina sikukuuliza. Mtihani nilifaulu, mzee. Karatasi ninayo, mikwaju yako bado inaonekana. Ahsante sana, Mungu akuzidishie afya.