Kwa mpwa wangu aliye Yukon: betri ilale ndani

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia nyumba uliyopanga iko mbali na mji wa Whitehorse, huko kaskazini mwa Kanada, na waya wa stima haufiki. Ameniambia pia umeshanunua paneli na betri ya lithiamu. Nimewafungia watu sola kuanzia Likoni hadi visiwa vya Lamu, nawe umeniona kazini tangu u mdogo. Mengi uliyoyaona huku, huko hayafai. Naandika hadharani kwa kuwa si wewe peke yako kijana wa Pwani uliyekwenda kuishi kwenye baridi.

Betri kwanza. Huku tunaihofia joto, tunaitafutia kivuli na upepo. Huko, betri ya lithiamu ikishuka chini ya sifuri waweza kuwashia taa, lakini usiichaji. Ukiichaji, lithiamu haipenyi ndani ya kaboni inakotakiwa kukaa, inajijenga juu yake kuwa tabaka la metali, na nguvu iliyopotea hairudi tena. Ubaya wake huoni kitu: hakuna moshi wala harufu. Jua likichomoza asubuhi, paneli haziulizi betri ina hali gani, zinasukuma tu. Kwa hivyo betri ilale ndani unamolala wewe, si stoo ya nje. Iweke juu ya ubao, isigusane na sakafu, wala isikaribie jiko la kuni. Tena hakikisha bodi ya ulinzi iliyo ndani yake inakata chaji baridi ikizidi. Si betri zote zinazofanya hivyo, hasa za bei rahisi.

Paneli, huku naziinamisha kidogo tu mvua ipate kuosha vumbi. Wewe zielekeze kusini, uzisimamishe karibu wima. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hapo halifiki nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, na theluji haikai juu ya kitu kilichosimama. Baridi pia hupandisha volti. Paneli mbili za volti 45 ukiziunga kwa mfululizo, zitapita 100 kukiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na kontrola, kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuichaji betri, ikiwa na kikomo cha volti 100 itaungua.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 hivi. Birika la stima la wati 2,000 likiwaka dakika 6 limekula 200. Chai ichemshe kwenye jiko la kuni, ambalo litawaka kutwa hata hivyo. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima ya nyumbani, izime ukilala isile betri bure.

Miezi ya giza utahitaji jenereta. Iweke nje, mbali na mlango na madirisha. Si unajua tunavyokatazwa kulala na jiko la makaa chumbani? Ni hewa ile ile, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Nunua king'ora chake ukitundike karibu na kitanda. Hili nakuomba kuliko yote, mwanangu.

Sasa nipigie picha ya kibandiko kilicho nyuma ya paneli na kile cha kontrola, nisome volti. Usiunge waya wowote mpaka nikujibu.

Mjomba wako,
Mombasa