Wajukuu zangu mnaonuniana kwa mstari wa wimbo

Wajukuu zangu wa mtaani, salamu nyingi. Nimesikia mmenuna tena, kisa mwenzenu kaweka mstari wa taarabu stetasi usiku, kufika asubuhi watatu washajiona wanasemwa wao na mmoja keshajibu na wa kwake. Njooni niwaambie kitu.

Lugha yetu yenyewe ina uficho ndani yake. Ukiimba "ameniacha" nani ajue ni mume, ni mke, ni rafiki au ni marehemu, ile a- haina mwanamke wala mwanaume, na mtunzi analijua hilo vizuri sana. Akitaka kuficha zaidi anamwita mtu ua, au tunda, au chombo, basi na ngeli inageuka, unasikia "limeninyaukia" unadhani bustani kumbe ndoa ya mtu.

Na taarabu tuliyokulia sisi, mwenye kutunza, yaani anayempelekea mwimbaji pesa, ndo alikuwa anaitia maana. Mwimbaji yuko kwenye ubeti wa mapenzi tu, mwanamke anainuka na noti mkononi, anacheza polepole kwenda mbele, lakini anapita kwanza alipokaa mke mwenzie, anamtazama, halafu ndo anatunza. Ukumbi wote umeelewa. Ubeti huohuo wiki iliyopita bwana harusi kamtunzia mkewe na hakuna aliyekasirika. Sasa stetasi haina macho jamani, utajuaje kamtazama nani?

Hata tungo za yule mshairi wa zamani Muyaka bin Haji wa Mombasa, nyingi za enzi za ugomvi wa Mazrui waliotawala mji huo na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, kabla hajautwaa 1837, waliokuwepo walisikia fumbo wakajua nani kapigwa. Sisi tunabaki na maneno matamu, na mengine mpaka tusimuliwe kisa chake.

Sisemi muache mafumbo, hapana, mafumbo ndo utamu wetu. Nasema muulize.

Miaka ya 80 nilijifungua mtoto wa pili, shoga yangu kaniletea doti ya kanga imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nilisoma mara moja tu moyo ukachafuka, nikajua ananisema mimi, maana biashara yangu nilianza kwa pesa aliyonikopesha yeye. Sikumuuliza. Nikapunguza salamu, akiniita shughulini natoa udhuru, miaka sita hiyo, na yeye hajui kosa lake. Mama yangu alipofariki akaja kulala kwetu matanga yote, anachota maji, anapika, na usiku wa tatu nikashindwa, nikamuuliza ile kanga. Akashangaa kweli. Kusoma hajui, alipenda pindo na mji wake, muuzaji ndo kamsomea na kumwambia ni wosia mzuri, basi akanunua kwa ajili ya mtoto, akue asimame kwa nyota yake mwenyewe. Yale maneno hayakuwa yangu kabisa, yalikuwa ya mtoto niliyembeba! Nililia usiku ule kuliko nilivyomlilia mama.

Huyo mwenzenu mnamjua na kwake mnapajua, ni nyumba ya tatu tu. Nendeni leo kabla ya magharibi mkamuulize alikuwa anamwambia nani, mkiona uzito nipitieni, niko barazani, nitawasindikiza.