Ndama wa rangi ya udongo

Missoula, Montana
Mei 2024

Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Watoto hawajambo, na baba yao yu mzima. Mama goti limepoa? Mwambie namwombea kila siku.

Uliniuliza kama huku kuna wanyama au ni theluji tu. Wapo, Neema. Jumamosi tulikwenda hifadhi ya Bison Range, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Baisani ndiye nyati wa Marekani, ila usimfikirie yule nyati tuliyekuwa tukimkimbia utotoni pale Mto wa Mbu. Huyu ana nundu kubwa mabegani, ndevu, na kichwa kizito kinachoning'inia karibu na nyasi. Nundu yenyewe ni misuli ya kubebea kichwa hicho. Wakati wa baridi anakitumia kama koleo, anasukuma theluji huku na huku mpaka nyasi zionekane.

Dume mmoja alitujia hadi kando ya barabara. Tukazima gari. Manyoya ya baridi yalikuwa yakimbanduka, yananing'inia ubavuni kama gunia lililochanika. Akajitupa kwenye vumbi, akagaagaa mpaka tukawa hatumwoni vizuri, kisha akasimama na kujikung'uta. Nilimsikia akihema. Mwanangu alikuwa na biskuti mdomoni, akasahau kutafuna.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni habari ya mahali penyewe.

Baisani walikuwa makumi ya mamilioni. Waliuawa kwa ajili ya ngozi, na wapo waliofurahia kuwaona wanakwisha, kwa kuwa makabila ya wenyeji wa asili wa nyikani yaliishi kwa mnyama huyo. Kufikia 1889 walikuwa wamebaki kama elfu moja tu Amerika Kaskazini nzima. Kumbe miaka ya 1870 kijana mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, Latati, alikuwa amekwishavuka milima na kurudi na ndama wachache. Ndama wakakua, wakazaana. Baadaye wakanunuliwa na wafugaji wawili wa hapahapa, Michel Pablo na Charles Allard, na kundi likafika mamia. Nalo lilikuwa likipata malisho Flathead, ardhi ya Wasalish na Wakootenai, wenyeji wa asili wa huku.

Kisha serikali ikaamua kuigawa ardhi hiyo kwa walowezi. Pablo akakosa malisho, akawauza baisani wake Kanada kuanzia 1907. Ilichukua miaka kuwakamata na kuwapakia kwenye treni, maana walikuwa wakivunja mabehewa. Mwaka 1908 serikali hiyohiyo ikamega zaidi ya hekta 7,500 za wenyeji bila ridhaa yao, ikazungushia uzio, ikasema hapa ni pa kuwahifadhi baisani! Na wale wa kwanza walioletwa 1909, wengi wao walikuwa uzao wa ndama wa Latati. Waliowaokoa wakawekwa nje ya uzio.

Nafurahi hifadhi ipo. Bila uzio ule huenda nisingemwona yule dume. Lakini wenyeji walikuwa wakiwalinda baisani kabla serikali haijafikiria kulinda, na hilo halikustahili kulipwa kwa kunyang'anywa.

Desemba 2020 ilipita sheria ya kuwarudishia hifadhi hiyo, na tangu 2022 wao ndio wanaoiendesha. Dada aliyetupokea kwenye kituo cha wageni ni Msalish. Mwanangu alimuuliza hawa ni wanyama wa nani. Akainama mpaka macho yao yakalingana, akamwambia, "Ni jamaa zetu." Njia nzima kurudi nilikuwa nalirudia neno hilo kwa Kiswahili.

Nimekuwekea picha mbili. Moja ni ya huyo dume. Ya pili tazama kushoto, nyuma ya mama yake: ndama mwekundu kama udongo wa kule kwetu Karatu. Wakizaliwa wana rangi hiyo, wanakuja kuwa kahawia baadaye. Alikuwa na siku chache tu, miguu bado inamtetemeka, na alikuwa akinyonya.

Nakukumbuka sana. Usichelewe kunijibu.

Ndimi wako,
Rehema